Baharia Apiga Mwano

Guu la Marcelo, yule kijana wa bodaboda, lilikuwa limeshapanda juu ya kiki ya pikipiki. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na mmenilaumu sana kwa kuwaacha hapo. Haya, tushuke naye.

Alikanyaga. Pikipiki ikakohoa. Haikuwaka.

Akainua guu mara ya pili. Kabla halijashuka, mkono ukapita mbele ya tumbo lake, ukachomoa ufunguo na kuurusha mbali katikati ya shamba la pamba.

"Mzee! Huo ufunguo wa bosi wangu!"

"Bosi wako atanunua ufunguo mwingine," Mzee Maige alisema. "Wewe hatakununua."

Kama ndiyo kwanza umelifungua gazeti hili, jambo lenyewe ni hili. Mzee Athanasi Maige, ambaye Bariadi nzima inamwita Baharia, alikuwa mwanajeshi wa majini wakati wa vita vya Kagera. Leo ana vituo vya mafuta Somanda na Maswa. Mchana huu lori lake la tenki limepinduka Ngulyati, kijijini alikozaliwa. Petroli inamwagika mtaroni. Na nusu ya kijiji imo ndani ya mtaro huo na ndoo.

Walikuja na ndoo, madumu, mabeseni na sufuria za harusi. Mwanamume mmoja alikuja na bomba la kupulizia dawa ya pamba mgongoni, akawa analijaza kwa kikombe.

Msiwacheke, wasomaji wangu. Nyumba ambayo haijawahi kuwa na cha ziada, siku cha ziada kinapopita mlangoni, haiulizi kimetoka wapi.

Harufu ilikuwa kali kiasi cha kutoa machozi. Hewa juu ya mtaro ilitetemeka kama ile ya juu ya mkaa. Cheche moja tu, msumari kugonga jiwe, kiberiti cha mvutaji mmoja, na Ngulyati ingechimba makaburi wiki nzima.

Mzee Maige alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Lakini moyo wake haukudunda. Ulikaa kifuani kama jiwe lililowekwa juu ya karatasi zisipeperuke.

Wasaidizi wake walikuwa wawili. Salu, dereva wa lori, alikuwa ameketi kando ya barabara amelishika bega lake, anarudia maneno yale yale. "Nilimkwepa wa baiskeli, Mzee. Alikuwa na marobota ya pamba, hakuniona. Nilimkwepa." Wa pili alikuwa Goodness, binti wa Kilimanjaro, meneja wa kituo cha Somanda, mwenye shahada na sauti ya kengele.

"Polisi wako njiani," Goodness alisema, simu mkononi. "Zimamoto nao wako njiani."

"Hiyo njia ni ndefu," alisema Mzee Maige.

Goodness akasimama ukingoni mwa mtaro. "Ndugu zangu! Petroli ina mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto! Tokeni humo, tafadhali!"

"Dada, hiyo semina tumeisikia!" mtu alijibu kutoka chini. "Tuletee faneli!"

Mtaro mzima ukacheka.

"Halafu hayo mafuta yana bima!" akadakia mwingine. "Baharia halii njaa! Acha nasi tuonje!"

"Jumatatu njooni kituoni," Mzee Maige aliwaambia. "Kila nyumba nitaijazia dumu bure."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

Wakacheka tena, na vikombe vikaendelea kuchota.

Katikati yao alikuwapo mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, miguu ndani ya petroli hadi kwenye vifundo. Ndiye aliyewapanga wanawake mstari, ndoo zikipita mkono kwa mkono kama siku ya kuchota maji ya ujenzi wa kanisa. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo za palizi Ngulyati. Akihama, wanahama. Akibaki, wanabaki.

Huyo alikuwa Nyanjige, mdogo wake Mzee Maige, wa baba mmoja na mama mmoja. Na walikuwa hawajasalimiana tangu siku ya kumzika mama yao.

Nitawaambia kwa ufupi, kwa sababu moto haungoji hadithi ndefu. Wakati wa vita, boti alilokuwamo Maige lilitoka Mwanza na mapipa ya mafuta, kuwapelekea askari ng'ambo ya ziwa. Likashika moto katikati ya maji. Mafuta yakaenea juu ya ziwa yakiwaka, na wenzake wakaogelea ndani ya miali. Yeye alitoka na mikono iliyoungua. Ngozi ikapona. Lakini viganja havikujua tena moto wala baridi, na kitu fulani ndani yake nacho hakikujua tena.

Alirudi, akaoa, akaanza kuuza dizeli kwa mapipa, akajenga kituo cha kwanza, kisha cha pili. Watu walimwuliza, mtu aliyeunguzwa na mafuta anayauzaje? Alijibu, "Mtu lazima ayachunge." Mkewe alipofariki alisimama kaburini macho makavu. Mama yake alipozikwa hapa Ngulyati, alisimama vilevile. Ndipo Nyanjige alipomgeukia mbele ya waombolezaji wote akasema, "Kaka yangu alibaki ziwani. Huyu aliyerudi simjui."

Sasa Mzee Maige akashuka mtaroni. Petroli ikaingia ndani ya viatu vyake.

"Nyanjige."

Nyanjige hakugeuka. "Mama Kabula, hebu sogeza dumu lako. Nasikia upepo unaongea."

Wanawake wakabana vicheko.

"Toka humu. Watoe na wenzako."

"Upepo unasema tutoke," Nyanjige aliwatangazia.

"Haya yatawaka."

"Yangekuwa ya kuwaka, yangewaka pale lori lilipoanguka."

"Yanangoja."

Hapo Nyanjige akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na macho yake yalikuwa mekundu kwa mvuke. "Mafuta hayana akili ya kungoja, kaka. Mtu ndiye anayengoja. Mama alikungoja hapa mpaka macho yakaishiwa nguvu, ukaja kusimama juu ya kaburi lake kama nguzo ya umeme."

Hakuna aliyecheka. Wengine waliinama, wakachota.

Mzee Maige alimtazama mdogo wake. Alijua kwamba mtu mwingine yeyote, kwa maneno kama hayo, angeumia. Alisubiri kuumia. Hakikuja kitu.

"Basi toka kwa ajili yako," alisema.

"Nitatoka ndoo zikijaa."

Alipanda tena barabarani. Goodness alikuwa akilia. Machozi yalimtoka bila yeye mwenyewe kujali, huku akipunga mikono kusimamisha magari yaliyotaka kupita.

"Mzee, fanya kitu. Hawa ni watu wako."

Alikuwa akiwatazama watu wake. Macho yake yalimfikia Mboje, kamanda wa sungusungu wa Ngulyati, pande la mtu, amebeba madumu mawili yanayochuruzika. Shingoni mwake ilining'inia filimbi.

Mzee Maige aliitazama filimbi ile muda kidogo.

"Goodness," alisema, "kwenu usiku mwizi akiingia, mnafanyaje?"

"Tunapiga kelele, Mzee. Mbona unauliza hivyo?"

"Huku tunapiga mwano. Ni yowe, lakini si yowe la kawaida. Mwano ukilia, mwenye jembe anaacha jembe, mwenye chakula anaacha chakula, kila mtu anakimbilia kule unakolia. Hauulizwi swali. Atakayebaki nyuma, sungusungu watamtoza, na kijiji kitamtenga."

Macho ya Goodness yakafunguka. "Basi upigwe! Upigwe sasa hivi, wakimbie!"

"Anayeupiga kwa uongo," Mzee Maige aliendelea kwa sauti ile ile, kana kwamba anasoma bei za mafuta, "huyo hasalimiwi tena. Jirani hampi moto wala hamchotei maji. Akifa, watoto wake wanamchimbia peke yao. Ndiyo maana hakuna anayeupiga kwa uongo. Sijawahi kusikia hata mmoja."

"Basi nipige mimi. Mimi si wa hapa. Wanitenge, nitarudi Moshi."

Na kabla hajazuiwa, binti yule akaweka kiganja mdomoni akapiga. Ole wake! Kilichotoka kilikuwa kigelegele kitamu cha harusini.

"Nani kaolewa?" mtaro uliitika. "Ongeza, dada!"

"Nifuate," alisema Mzee Maige.

Alimwacha Salu asimamishe magari, akawaomba wapita njia wawili wamsaidie, naye akavuka barabara. Akapanda kwenye majabali yaliyo upande wa juu, upepo unakotoka. Ng'ambo ya majabali, ardhi inateremka hadi bonde la mpunga, na huko bondeni ndiko lilikokuwa zizi la Nyanjige. Alihesabu hivi kichwani. Wakimbie kuja huku, juu, halafu wateremke ng'ambo. Jabali litakuwa kati yao na moto.

Na ng'ombe atakaosema wanaibiwa wawe wa nani? Hilo nalo aliliamua hapo hapo. Nyanjige asingeacha ndoo kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine bila kugeuka nyuma mara mbili. Kwa ng'ombe wake, angeacha hata kanga.

Aliweka kiganja kando ya mdomo. Akavuta pumzi.

Haikutoka sauti.

Alijaribu tena. Upepo tu, mkavu, kama wa pampu iliyoishiwa mafuta. Tangu ziwani hakuwahi kupaza sauti, si kwa hasira wala kwa furaha, na koo lilikuwa limesahau njia.

"Mzee," Goodness alinong'ona, "Marcelo yuko wapi?"

Wote wawili wakatazama chini. Yule kijana wa bodaboda alikuwa ameacha kuutafuta ufunguo. Alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki yake, hatua chache kutoka mtaroni, anavuta nyaya kutoka chini ya taa. Alitaka kuziunganisha.

Nyaya mbili zikigusana, hutoa cheche. Mtoto mdogo analijua hilo.

Hapo mwano ukatoka.

Sijui niuelezeje kwa ninyi mliokulia mbali. Ulianzia chini, ukapanda, ukapasuka juu na kubaki huko ukitetemeka. Haukufanana na sauti ya mzee. Haukufanana na sauti ya mtu anayesema uongo.

"Ng'ombe wa Nyanjige! Wanachukuliwa! Bondeni! Ng'ombe wa Nyanjige!"

Kwa muda wa kupepesa jicho, mtaro ulisimama kimya. Kisha mwanamke mmoja akaupokea mwano, akaurusha mbele. Mwingine akaupokea. Mboje akaangusha madumu yote mawili, filimbi ikaingia mdomoni, ikalia hadi masikio yakauma.

"Bagosha! Wanaume! Bondeni!"

Ndoo zikaanguka. Beseni likaelea peke yake juu ya petroli. Mwenye bomba la dawa akakimbia nalo mgongoni, likimwagika hadi kwenye visigino. Walipanda majabali kama siafu, kinamama na kanga mikononi, vijana na fimbo walizookota njiani. Hakuna aliyemtazama Mzee Maige usoni. Mtu anayeitika mwano hatazami pembeni.

Isipokuwa Nyanjige. Alipompita kaka yake alisimama nusu sekunde, kifua kikipanda na kushuka.

"Umewaona?"

"Kimbia," alisema Maige.

Akakimbia.

Mtaro ukabaki mtupu. Barabara ikabaki tupu. Lakini Marcelo alibaki pale pale, kichwa kimeinama juu ya nyaya.

Marcelo alikuwa mtu wa kuja, kijana wa Lamadi aliyefuata abiria. Hakuwa na ng'ombe, wala hakukulia katika nyumba yenye ng'ombe. Kwake mwano ulikuwa kelele za watu wa shamba. Ila alifurahi kwamba barabara imekuwa wazi.

"Wewe! Acha hizo nyaya!" Goodness alipiga kelele.

"Rudisheni ufunguo, nitaziacha!"

Mzee Maige alikuwa ameshaanza kuteremka. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka sitini na magoti yake yalikuwa mabovu, lakini hakuyasikia. Aliteremka kama mzigo. Alimfikia kijana, akamshika ukosi wa shati na mkanda wa suruali, akamvuta kutoka kwenye pikipiki.

Waya ulifuata mkono wa Marcelo. Ukaenda kugusa chuma.

Hakukuwa na mlio mkubwa mwanzoni. Palikuwa na pumzi tu, kama mtu mkubwa amevuta hewa yote ya Ngulyati kwa mkupuo. Kisha mtaro ukasimama wima, umegeuka moto.

Mzee Maige alijitupa na kijana nyuma ya tuta la barabara, akambana chini yake. Joto likapita juu yao. Halafu ndipo tenki lenyewe likalipuka, na majabali yakatikisika. Vipande vya bati vikanyesha kwenye pamba.

Goodness aliwafikia akitambaa. Salu na wapita njia walikuwa mbali, wamelala kifudifudi, wazima. Marcelo nyusi zake zilikuwa zimetoweka. Alikuwa akisema, "Mama, mama, mama."

"Uko mzima," Mzee Maige alimwambia. "Huna nyusi tu. Zitaota."

"Mzee," Goodness alisema. "Mkono wako."

"Una nini?"

"Unawaka!"

Mkono wa shati wa kulia ulikuwa unateketea polepole, na chini yake ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Aliutazama kama mtu anayetazama mkono wa abiria mwenzake. Goodness akavua sweta akauzimisha, akilia tena, na safari hii akimgombeza.

"Huoni? Husikii? Mtu anaungua na amekaa tu!"

"Sisikii, mwanangu," alisema. "Ndivyo nilivyo."

Moshi ulikuwa umepanda mrefu na mweusi, na nadhani hata Bariadi mjini waliuona. Petroli yote iliyokuwa mtaroni ilikuwa inaungua, na pale mstari wa akina mama ulipokuwa, udongo uligeuka mweusi ukapasuka.

Kisha wakaanza kurudi.

Walitokea juu ya majabali mmoja mmoja, wakasimama. Nilitaka kuwaandikia kwamba walishangilia. Hawakushangilia. Mama Kabula alitazama mahali aliposimamia yeye muda mfupi uliopita, akaketi chini bila kuchagua pa kuketi. Yule wa bomba la dawa alilivua mgongoni, akaliweka mbali naye kwa uangalifu mkubwa, akatapika.

"Tulikuwa humo," mtu alisema. "Mungu wangu, tulikuwa humo humo."

Mboje akashuka barabarani. Filimbi ilikuwa imerudi kifuani. Aliutazama moto, akamtazama Mzee Maige, akautazama mkono wake ulioviringishwa sweta la kike. Mboje si mjinga. Alielewa.

"Baharia. Mwano ule ni wewe uliyeupiga?"

"Ni mimi."

"Uliwaona wezi?"

"Sikuona mtu. Nilidanganya. Mlikuwa hamsikii, nikatafuta mtakachokisikia." Akanyoosha mgongo. "Sheria naijua. Nimezaliwa hapa. Nitozeni na mnitenge. Sina shida."

Minong'ono ikapita kundini. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. "Tumtenge huyu? Mtu aliyetutoa kaburini?"

"Sheria ni sheria," mzee mmoja alisema, lakini kwa aibu.

"Sheria iandikwe upya basi!" yule mwanamke alijibu.

"Kamanda," Goodness alisema, na alikuwa akitabasamu katikati ya machozi, "hamuwezi kumwadhibu mtu kwa sababu mko hai."

Mboje hakutabasamu. Wala wale sungusungu watatu waliokuwa nyuma yake hawakutabasamu. Goodness akaliona hilo, tabasamu lake likafifia.

"Tatizo si kwamba amedanganya," Mboje alisema taratibu. "Tatizo ni kwamba hakudanganya."

Kundi likafunguka katikati. Nyanjige akapita, kanga imeanguka mabegani, miguu ina tope la bondeni.

"Zizi liko wazi," alisema.

Mzee Maige alimtazama.

"Liko wazi, kaka. Miiba ya mlangoni imeondolewa vizuri na kuwekwa pembeni. Hakuna ng'ombe hata mmoja. Nyayo zinaishia barabara ya chini, pale kuna alama za matairi ya lori. Ulisema ng'ombe wa Nyanjige. Hukusema wa Mboje, hukusema wa kijiji. Ulisema wa Nyanjige, na ukasema bondeni. Ulijuaje?"

Wasomaji wangu, katika hesabu zote alizopiga pale juu ya jabali, hii haikuwamo.

"Sikujua," alisema.

"Uliotea?"

"Nilitaka jina litakalokutoa wewe. Basi."

Sungusungu mmoja akacheka kwa pua. "Mtu anatunga uongo, na uongo unakwenda kusimama bondeni na matairi ya lori! Hapa Ngulyati nani ana malori?"

Jina halikutajwa. Halikuhitajika. Hata yule mwanamke aliyetaka sheria iandikwe upya akaanza kukunja kanga yake. Huruma ilikuwa inaondoka usoni kwa watu kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Na mwanangu hayupo," Nyanjige aliongeza, na sauti yake ikavunjika kwa mara ya kwanza. "Method ndiye aliyekuwa nao leo. Jumamosi tunamtolea mahari, hao ndio ng'ombe wa mahari yake. Nimeita bonde zima, haitiki. Kama wamemuua, kaka..."

Goodness akashtuka. "Method? Mzee, si huyu Method aliyekuja jana pale Somanda? Si ndiye uliye..."

"Goodness."

Hakupaza sauti. Lakini ilikuwa sauti ya amri, ile ya kwenye meli, na binti akafunga mdomo.

"Gari tumeliacha wazi," Mzee Maige alisema. "Nenda ukalifunge."

Goodness hakwenda. Alimtazama bosi wake, akaelewa. Jana Method alikuja kituoni, akamwomba mjomba wake lori dogo la kubebea mapipa, akasema ana mzigo wa mpunga. Mzee alimpa bila kuuliza. Sasa anajua mzigo ulikuwa nini, na anajua aliyeondoa miiba vizuri na kuiweka pembeni ni mtu aliyezoea kulifungua zizi lile kila asubuhi.

Neno moja tu lingemtoa Mzee Maige mikononi mwa Mboje. Lingemwambia Nyanjige kwamba mwanawe yu hai. Lingemwambia pia kwamba ndiye mwizi wake.

Mzee Maige alinyamaza.

"Mwenye ng'ombe ndiye anayesema," Mboje alitangaza. "Kwa sheria yetu, asipomshuku mtu, hatumgusi. Nyanjige, unamshuku kaka yako?"

Nyanjige alimsogelea karibu kabisa. Alimtazama usoni kama mtu anayechungulia dirishani kwenye nyumba aliyowahi kuishi.

"Sema kitu," alimwomba, chini kwa chini. "Kasirika. Nitukane. Apa kwa kaburi la mama. Nionyeshe hata kidogo kwamba kuna mtu humo ndani, nami nitasema simshuku."

Na humo ndani, wasomaji wangu, palikuwa na mtu. Nawaapia palikuwapo. Alikuwa amesimama katikati ya dada na mtoto wa dada, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kitu kilimkaba. Lakini hakikufika usoni. Uso ulibaki vilevile, mkavu, kama wa siku ya mazishi.

"Sina la kusema," alijibu.

Nyanjige akarudi nyuma hatua moja. Alijifuta macho kwa kiganja kinachonuka petroli.

"Namshuku," alisema.

Mboje akatoa kamba. Mzee Maige alinyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa, na sungusungu waliokuwa hai kwa sababu yake wakaanza kumfunga, wakikwepa kuliangalia lile sweta.

Ndipo simu ya Goodness ilipoita.

Alikuwa ameishika mkononi muda wote, na aliiinamia bila kufikiri. Akalisoma jina lililoandikwa juu ya kioo. Akaibana simu kifuani. Iliendelea kuita, kubwa, katika ule ukimya wa watu wote wa Ngulyati.

Nyanjige akageuka.

"Mbona hupokei, binti?" aliuliza. "Ni nani huyo?"